Mgonjwa Asiyekuwa na Ndugu: Asasi za Waliobadili Jinsia na Swali Lililotufikia Pemba



Baada ya Misa ya Dominika moja hapa Pemba, muuguzi mmoja alitusubiri nje ya sakristia mpaka watu wote walipoondoka. Katika wodi anayofanyia kazi alikuwa amelazwa mgonjwa ambaye kitambulisho chake kilikuwa na jina la kiume, ilhali mavazi yake, sauti yake na jina alilojitambulisha nalo vilikuwa vya kike. Homa ilikuwa kali. Wahudumu wawili walikuja kumtazama, wakacheka mlangoni, wakaenda zao. Hakuna ndugu aliyemletea chakula, na sote tunajua kwamba katika hospitali zetu mgonjwa asiyeletewa chakula ana magonjwa mawili. Muuguzi yule hakutuuliza kama mtu huyo ni mwenye dhambi. Alituuliza: "Padre, nikimwita kwa jina analolitaka yeye, nitakuwa nimeikana imani yangu?"

Alikuwa na swali la pili pia. Mgonjwa alimpa namba moja tu ya simu ya mtu wa kuarifiwa, na haikuwa ya mama wala ya kaka. Ilikuwa ya kiongozi wa kikundi kimoja cha Unguja kinachowasaidia watu walio katika hali kama yake. Apige, au asipige?

Tunaandika makala haya kwa sababu ya namba ile ya simu. Waamini wengi wanaposikia habari za asasi zinazowahudumia watu waliobadili jinsia, au wale wasiojihesabu kuwa wa kiume wala wa kike, hufikiria mikutano ya hotelini, fedha za wafadhili na maneno ya Ulaya. Mambo hayo yapo. Lakini kabla ya kuhukumu, yafaa tujue viongozi wa asasi hizo hufanya nini siku za kawaida, na kwa nini namba inayopatikana mkononi mwa mgonjwa ni yao, si ya paroko wala ya mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Tuanze na yaliyotokea katika nchi yetu. Tanzania ilipopanga vita dhidi ya UKIMWI ilitambua kwamba wapo watu wasiofikiwa na zahanati za kawaida, kwa kuwa wakifika hudhihakiwa au huogopa kukamatwa. Zanzibar ina kiwango kidogo cha maambukizi ya VVU, chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Hata hivyo utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2007 miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume ulikuta maambukizi ya asilimia 12.3. Ugonjwa uliojificha mahali pamoja namna hiyo haubaki hapo, maana watu hao wana wake, wana wachumba, wana watoto. Ndipo vikafunguliwa vituo vya huduma rafiki, na waliowaleta wagonjwa vituoni walikuwa ni watu wa makundi hayohayo, waliojitolea kuongoza wenzao.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi, na Februari 2017 ikatangaza kuzuia vituo 40 kutoa huduma za aina hiyo. Septemba 2017 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, katika hoteli walikokuwa wakipewa mafunzo kuhusu VVU. Mwezi uliofuata, jijini Dar es Salaam, walikamatwa watu 13, baadhi yao wanasheria kutoka Afrika Kusini, waliokutana kujadili namna ya kupinga mahakamani kufungwa kwa huduma zile. Asasi ya CHESA, iliyohusika na mkutano huo, ilisimamishwa. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi, si msimamo wa Serikali. Tamko hilo lilikuja wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kuzima simu zao na kuacha kwenda kuchukua dawa.

Sheria nayo ilikuwapo tangu zamani. Tanzania Bara kosa la kujamiiana kinyume na maumbile lina adhabu ya miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Zanzibar nako mwanaume aweza kufungwa kwa kosa hilo. Tuangalie vizuri lakini: sheria hizo zinaadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Hazisemi kwamba mtu akipita barabara ya Chake Chake amevaa hivi au amesuka vile ni mhalifu. Katika mitaa yetu tofauti hiyo imepotea kabisa, na humo katika kupotea kwake ndimo wanamozaliwa wanaopiga, wanaopora simu, na wanaodai fedha ili wasiseme.

Mwaka 2025 upepo mwingine ukavuma, safari hii kutoka Marekani. Januari 20 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Ruhusa iliyotolewa baadaye kwa huduma za VVU iliruhusu dawa za kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Makundi mengine yakaachwa nje. Kufikia Julai 1 shirika la USAID halikuwapo tena. Waamini wengine walifurahi, wakisema sasa fedha za uovu zimekauka. Hawakujua, au hawakutaka kukumbuka, kwamba Catholic Relief Services, shirika la maaskofu wa Marekani, lilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa wa fedha zilezile, na kwamba limelazimika kufunga miradi na kupunguza wafanyakazi. Dhoruba haikuuliza dini ya boti.

Fedha zinapokatika ndipo hujulikana nani alifuata mshahara na nani alifuata watu. Hatuna sababu ya kudhani kwamba viongozi wote wa asasi hizi ni wema. Wamo wajanja humo kama walivyomo katika kamati za ujenzi wa makanisa. Lakini mtu anayeendelea kujibu simu saa nane za usiku baada ya mradi kufungwa, anayemwombea mwenzake nauli ya meli ili afike kliniki, anayekwenda kuchukua maiti ambayo ukoo umeikataa, huyo anafanya matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu darasa la Komunyo ya Kwanza. Na mara nyingi anayafanya mahali ambapo sisi hatukuwepo.

Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda wetu unatoka Kenya. Audrey Mbugua, aliyezaliwa na kulelewa kama mvulana na sasa anaishi kama mwanamke, alimaliza chuo kikuu akakaa miaka bila kazi, kwa sababu cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume lisilolingana na mtu aliyesimama mbele ya mwajiri. Asasi anayoiongoza, Transgender Education and Advocacy, ilinyimwa usajili na bodi inayosimamia asasi zisizo za kiserikali, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru mwaka 2014 isajiliwe. Mwaka huohuo mahakama iliamuru pia Baraza la Mitihani libadilishe jina katika cheti chake na kuondoa alama ya jinsia. Mtu aweza kutokubaliana na namna Audrey Mbugua anavyouelewa mwili wake, nasi tutaeleza hapa chini kwa nini Kanisa halikubaliani. Ila jambo alilolipigania mahakamani lilikuwa ni kuajiriwa kwa alama alizozipata mwenyewe darasani. Hatuoni dhambi katika hilo.

Uganda imekwenda njia nyingine. Agosti 2022 ofisi ya Serikali ilisimamisha shughuli za Sexual Minorities Uganda, na sheria iliyotiwa saini Mei 2023 inamhukumu hadi miaka 20 anayehesabiwa kuwa anaeneza ushoga. Kiongozi wa asasi hiyo, Frank Mugisha, alilelewa katika familia ya Kikatoliki iliyoshika dini sana. Tunalitaja hili kwa sababu tunapozungumza mimbarini juu ya "watu hao," twasahau kwamba wengine wao walibatizwa katika visima vyetu na wanaijua Salamu Maria kama tuijuavyo sisi.

Kuna hoja inayorudiwa sana hapa visiwani, kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Nusu yake ni kweli. Maneno yanayotumika siku hizi, nadharia inayotenganisha jinsia na mwili, na lugha ya ripoti za wafadhili, vimetoka nje, na viongozi wengine wa asasi huyatamka mambo hayo bila kuyatafuna, mpaka bibi zao hawaelewi wanasema nini. Lakini watu wenyewe hawakuletwa na meli. Oskar Baumann, konseli wa Austria-Hungaria katika Zanzibar, ambaye mwaka 1899 alichapisha kitabu kuhusu kisiwa chetu cha Pemba, aliandika mwaka huohuo makala juu ya watu wa Zanzibar walioishi kwa mavazi na kazi za jinsia nyingine, naye akahifadhi jina walilopewa na wenyeji: mke-si-mume. Huko Sohar, Oman, ambako koo nyingi za Pemba zina jamaa, mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika mwaka 1977 juu ya watu wa namna hiyo waliokuwa na nafasi inayojulikana katika mji, ingawa nafasi hiyo haikuwa ya heshima. Na neno huntha, kwa mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, limo katika Kiswahili tangu zamani, kwa sababu waliozaliwa hivyo walikuwapo tangu zamani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524.

Hapa inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Huntha ana hali ya mwili; daktari aweza kuiona. Mtu aliyebadili jinsia kwa kawaida ana mwili usio na utata, ila ndani yake anajiona kuwa wa jinsia nyingine. Asasi nyingi huwahudumia wote wawili pamoja, na Kanisa halizungumzi nao kwa namna moja.

Mafundisho yetu ni haya. Tamko la Dignitas Infinita, lililoidhinishwa na Baba Mtakatifu Fransisko na kutolewa Aprili 2024, linafundisha kwamba mwili ni zawadi, na kwamba mtu hawezi kujiumba upya apendavyo; upasuaji wa kubadili jinsia, kwa kanuni ya jumla, unahatarisha hadhi ya pekee ambayo mtu ameipokea tangu kutungwa mimba. Tamko hilohilo linakubali kwamba huntha anaweza kupata matibabu ya kurekebisha maumbile yake. Na hati hiyohiyo inalaani, kama jambo lililo kinyume cha hadhi ya binadamu, kwamba katika nchi kadhaa watu hufungwa, huteswa na hata kunyimwa uhai kwa sababu tu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Wako wanaosoma nusu ya kwanza peke yake, na wako wanaosoma nusu ya pili peke yake. Muuguzi wetu hakuwa na nafasi hiyo: mgonjwa alikuwa kitandani, mzima mzima.

Wala hatuzungumzii hapa suala la kubariki wenzi wa jinsia moja. Hilo maaskofu wa Afrika, kupitia SECAM, walilijibu Januari 2024, na jibu lao latutosha.

Tunachozungumzia ni cha chini zaidi, na kwa hiyo ni kigumu zaidi kukikwepa. Mwaka 2023 askofu mmoja wa Brazil aliiuliza Roma kama mtu aliyebadili jinsia aweza kubatizwa. Idara inayosimamia mafundisho ya imani ilijibu kwamba aweza, hata kama amepata tiba ya homoni na upasuaji, kwa masharti yaleyale ya waamini wengine, mradi isitokee kashfa au kuwachanganya waamini. Jibu hilo liliwashangaza wengi. Lisingetushangaza sana kama tungekumbuka habari ya Filipo katika Matendo ya Mitume, alipoambiwa na Roho asogee karibu na gari la towashi wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia wake. Torati ilimzuia towashi kuingia katika kusanyiko. Yeye alikuwa amesafiri mpaka Yerusalemu kusali, na alikuwa akirudi nyumbani akimsoma Isaya bila mtu wa kumweleza. Filipo hakusimama barabarani akahubiri kwa sauti. Alipanda, akaketi karibu naye. Mambo mengi yalisemwa ndani ya gari lile kabla maji hayajaonekana.

Watoto je? Swali hili huulizwa kila tunapoligusa jambo hili, na lina haki ya kuulizwa. Zanzibar ina jeraha kubwa la udhalilishaji wa watoto. Ndiyo maana Serikali imeanzisha mahakama maalumu za makosa hayo. Asasi yoyote itakayomfundisha mtoto wa shule kwamba mwili wake ni kosa la kusahihishwa, tutaipinga, tena kwa jina. Lakini kumtia kundi moja mtu mzima anayevaa tofauti na mtu anayewalawiti watoto ni kumsaidia huyo wa pili ajifiche. Mhalifu huyo mara nyingi ni mtu anayeaminiwa nyumbani, mwenye kanzu safi au suti nzuri, ambaye hakuna anayemcheka mlangoni.

Turudi kwetu Pemba. Kisiwa kina watu zaidi ya laki tano, na Wakatoliki ni wachache mno. Wengi wetu tumekuja kutoka Bara: kwa uhamisho wa kazi, kwa mchumo wa karafuu, kwa biashara ndogo. Ukiangalia mabenchi ya kanisani utaona wauguzi, askari polisi, walimu, askari wa kikosi fulani, mlinzi wa benki. Kwa hiyo mtu wa aina tunayomzungumzia anapougua, anapokamatwa au anapofukuzwa darasani hapa kisiwani, si ajabu mikono inayompokea ikawa ya mmoja wetu. Uchache wetu hautupunguzii wajibu huo, pengine unauongeza.

Tena sisi tunajua jinsi inavyokuwa. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi Unguja akajeruhiwa. Februari 17, 2013, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuadhimisha Misa ya Dominika. Septemba mwaka huohuo Padre Anselm Mwang'amba alimwagiwa tindikali. Tuliokuwa visiwani siku zile twakumbuka tulivyovua kola kabla ya kupanda daladala. Twakumbuka pia majirani Waislamu waliokuja kutupa pole mchana kweupe, wakijua wanaonekana. Hatulinganishi mapadre wale na mtu mwingine yeyote. Twasema tu kwamba hofu ya kutambuliwa njiani si habari ya kusimuliwa kwetu.

Basi tulimjibu nini muuguzi yule? Tulimwambia kwamba kumwita mgonjwa kwa jina analoitikia si kukiri itikadi. Kwenye faili aandike jina la kitambulisho, maana vipimo na dawa hufuata faili. Kitandani amwite anavyoitika. (Wazungu wanagombana juu ya viwakilishi vya kike na vya kiume, Kiswahili hakina cha kugombania, "yeye" ni yeye, ingawa lugha hiyo ya upole haijatufanya sisi kuwa wapole.) Tulimwambia kwamba siri ya mgonjwa ni siri, hata mbele ya wafanyakazi wenzake, na hata mbele ya askari anayesali naye benchi moja, isipokuwa sheria imelazimisha kwa njia yake rasmi. Na iwapo ataambiwa ashiriki kumpima mtu kwa nguvu sehemu za siri ili kutafuta ushahidi, akatae; Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikiketi Mombasa Machi 2018, ilikwisha kusema kwamba vipimo hivyo ni kinyume cha katiba ya nchi ile, na dhamiri ya Kikristo haihitaji kungoja hukumu kama hiyo hapa kwetu.

Kuhusu simu tulisita. Tulimuuliza kama mgonjwa mwenyewe anataka ipigwe. Alisema ndiyo, amekwisha kuomba mara tatu. Tukamwambia apige.

Tulimtaka pia amwambie mgonjwa kwamba yupo padre, ikiwa atapenda kuonana naye. Hakupenda. Alisema aliwahi kumwendea kiongozi mmoja wa dini, na hakutaka kurudia. Tulilipokea jibu hilo jinsi lilivyokuja, tukanunua mkate na maziwa, muuguzi akampelekea bila kutaja vilikotoka.

Dominika iliyofuata muuguzi alikuja tena sakristia. Mgonjwa alikuwa ameruhusiwa siku ya Alhamisi. Aliyekuja kumchukua alikuwa ni yule mtu wa namba ya simu, aliyevuka kutoka Unguja kwa meli ya usiku, akafika wodini kabla ya saa mbili asubuhi akiwa na nguo zilizopigwa pasi na uji katika chupa ya chai. Alilipa deni la dawa lililobaki, akaomba maelekezo ya vidonge yaandikwe kwa herufi kubwa, akauliza kliniki inayofuata ni tarehe ngapi. Wahudumu wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja wao, alisema muuguzi, alimsaidia kubeba mfuko mpaka kwenye gari.